Historia kwa Bisibisi

Shangazi Kalunde hakuisoma historia ya kampuni ile.
Aliifungua.

Mwaka wa sabini na tatu, ofisi ya ushirika wa tumbaku,
mashine ya kujumlishia ilikwama siku ya malipo
na wakulima wamekalia magunia tangu alfajiri.
Yeye mfagiaji. Akaomba kisu cha mezani.
Ndani akakuta magurudumu ya shaba, meno kwa meno,
na kibati chenye jina la kampuni
na jina la mji wa Marekani ambao hata karani
aliuruka kila alipousoma kwa sauti.
Kipande cha jani la tumbaku, si kikubwa kuliko ukucha,
kilikuwa kati ya gurudumu la saba na la nane.
Akakipuliza.
Mashine ikahesabu.

Skrubu za enzi hiyo anazo bado, katika kopo la maziwa:
kichwa kipana, mfuo mmoja,
unazifungua kwa kisu, kwa senti kumi,
kwa ukucha ukiwa na hasira za kutosha.
"Mtu akikuwekea hizi," anasema,
"anakwambia ikiharibika, ingia, hodi si lazima."

Kisha zikaja za msalaba,
na taipureta za umeme za ofisi ya reli,
herufi zote zimejibanza kwenye tufe moja kama limau changa
linalorukaruka juu ya karatasi likitafuta neno.
Hapo akawa fundi wa kuandikiwa barua.
Alipanda garimoshi hadi Urambo na mkoba wa mafuta,
akarudi na kuku, au na ahadi ya kuku.

Halafu nyota.
Kompyuta ya kwanza ya mkoa ilifika ndani ya sanduku
ambalo baadaye lililaza watoto wawili wa mlinzi.
Bisibisi ya nyota haikuwapo Tabora nzima.
Fundi baiskeli wa Kanyenye, Mlekwa,
alichonga spoku kwa tupa siku mbili mchana na taa,
nyota ya pembe sita, moja imepinda.
Ikafungua.
"Wameanza wivu," shangazi alisema, akipangusa vumbi la ndani,
vumbi letu, jekundu, lilishaingia kabla yake.

Ndipo ikaja barua: kitengo cha mashine ndogo kimeuzwa
kwa watu wa nchi nyingine. Kibati kipya, skrubu zilezile.
Alilia kidogo, si sana,
kama unavyomlilia jirani aliyehama usiku
bila kurudisha kinu.

Mimi ndiye niliyemsomea mwanzo wao, juzi tu:
kwamba walianza na mizani, na saa za kuwabana wafanyakazi,
na mashine za kukatia nyama.
Hakushangaa.
"Mkono wa bucha haujifichi," alisema.
"Zile za kwanza zilikata vizuri."

Sasa mimi ni mhasibu wa chama cha asali, Isevya.
Vitabu vyetu viko kwao, huko wanakokuita wingu,
na tunalipa kila mwezi, mvua inyeshe isinyeshe.
Jumanne mtandao ulikatika.
Warina asali wamekalia ndoo tangu alfajiri.
Nikamwita.

Alikuja na mkoba wake wote.
Akaigeuza kompyuta yangu kifudifudi,
akapitisha kidole ukingoni polepole
kama anayetafuta mshipa wa mtoto mgonjwa.
Hakuna mfuo, hakuna msalaba, hakuna nyota.
Gundi.
"Humu hawataki mtu," akasema,
akaomba chai, akasema sukari haitoshi.

Nikatoa daftari, nikahesabu kwa kalamu,
ndoo baada ya ndoo, nyuki wawili watatu
wakiifuata harufu hadi mezani.
Zilipungua kilo nane.
Hadi leo hazijaonekana.